James Kirkman (1906–1989): Kalamu, Sururu na Magofu ya Ungwana

Utangulizi

Msomi wa fasihi ya Kiswahili alitajapo Kipini, aghalabu humkumbuka Fumo Liyongo. Mapokeo ya pwani ya kaskazini yanamhusisha shujaa huyo na nchi ya Ozi na miji ya Shaka na Ungwana, na Kipini, penye mlango wa Mto Tana, hutajwa kuwa ndipo lilipo kaburi lake. Hayo tumeyasoma katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, na kabla yake katika hadithi alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaofahamu kwamba jirani na Kipini, karibu na ufuo wa bahari, yangaliko magofu ya mji wenyewe wa Ungwana. Wachache zaidi wanamfahamu mtu wa kwanza aliyeyachimba kitaalamu, akayapima kuta kwa kuta na kuyatia kwenye karatasi. Mtu huyo ni James Spedding Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 1989.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha ya Kirkman katika pwani yetu, hasa kazi aliyoifanya Ungwana mnamo 1953 na 1954. Hayakusudii kumpamba wala kumshutumu, maana yote mawili yamekwisha kufanywa. Tunachotaka kukionyesha ni kwamba katika mtu huyu mmoja walikaa watu wawili. Wa kwanza ni mchoraji na mpimaji ambaye hakuacha kigae bila kukiandika. Wa pili ni hakimu ambaye, baada ya kuyaona aliyoyaona, aliwanyang'anya Waswahili miji yao kwa kalamu na kuwapa wengine. Jambo la ajabu, na ndilo linalotufanya tumwandike katika jarida la Kiswahili, ni kwamba kazi ya yule wa kwanza ndiyo iliyosaidia kuitengua hukumu ya yule wa pili.

Kuwasili Gedi

Kirkman hakufika Afrika Mashariki akiwa kijana. Alikuwa amepita umri wa miaka 40 alipokabidhiwa magofu ya Gedi, kusini ya Malindi, mwaka 1948. Gedi haikuwa imesahauliwa kabisa. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikwisha kuyatembelea magofu hayo mwaka 1884. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliyatangaza kuwa mahali pa kihistoria, na mwishoni mwa miaka ya 1930 baadhi ya kuta zilizokuwa zikianguka zilikarabatiwa. Lakini hakuna aliyekuwa amejua mji ule ulijengwa lini, na nani, na kwa nini uliachwa. Wareno walikaa Malindi kwa takriban miaka 100, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, na hawakuitaja Gedi hata mara moja katika maandishi yao.

Kwa hiyo aliyoyakuta Kirkman ni msitu uliokula mji. Mibuyu na mizizi ya miti mikubwa ilikuwa imeshika kuta, na wenyeji wa karibu walipaheshimu mahali hapo kama makao ya mizimu. Yeye mwenyewe, mtu wa vipimo na hesabu, aliungama baadaye katika maandishi yake kwamba alipoanza kazi alihisi kana kwamba kitu fulani kilikuwa kikimtazama kutoka nyuma ya kuta, kisicho adui wala rafiki, kinachongoja tu. Hisia hiyo haikumzuia. Kuanzia 1948 hadi 1958, yeye na vibarua wa pwani waliomfanyia kazi walifyeka, wakachimba na kufichua msikiti mkuu, jumba la kifalme, makaburi na nyumba kadhaa za mawe, ndani ya mji uliozungushiwa kuta mbili na wenye eneo la takriban ekari 45. Kaburi moja lilikuwa na tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 kwa kalenda ya Miladia. Tarehe hiyo ikawa kama msumari ambao historia nzima ya Gedi ilitundikwa juu yake.

Nyumba zilizochimbuliwa hazikuwa na majina, kwa kuwa waliozipa majina walikwisha kuondoka zamani. Basi zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe. Mtu anayezuru Gedi leo hukutana na majina hayo kwenye vibao. Ni ushairi wa aina yake, ushairi wa mtu asiyejua jina la mwenye nyumba, akaridhika kumwita kwa mkasi wake. Ila tusisahau kwamba kutaja ni kumiliki. Aliyeyapa magofu majina ndiye aliyeshika pia mamlaka ya kuusimulia mji.

Kuisoma sakafu

Ili kuuelewa mchango wa Kirkman, hatuna budi kueleza, japo kwa ufupi, jinsi alivyofanya kazi. Majengo ya kale ya pwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kila msikiti ulipochakaa, sakafu mpya ya chokaa ilimwagwa juu ya ile ya zamani, na katikati ya sakafu mbili palibakia kifusi chenye takataka za wakati huo: vipande vya vyungu, shanga, mifupa, vigae vya mabakuli. Sakafu ya juu ilifunika kifusi hicho kama kifuniko kinavyofunika chungu. Mchimbaji akiivunja kwa uangalifu, huwa na hakika kwamba chochote kilichomo chini yake kilianguka pale kabla ya sakafu hiyo kumwagwa.

Kirkman alitumia hasa vyombo vilivyotoka ng'ambo. Kaure ya kijani kibichi ya Uchina, kaure nyeupe yenye maua ya buluu, na vyombo vya vigae vilivyopakwa rangi ya kung'aa kutoka nchi za Kiislamu, vyote vilikuwa na tarehe zilizojulikana na wataalamu kwingineko. Kwa hiyo kipande kidogo cha bakuli, kisichozidi upana wa kiganja, kiliweza kuipa sakafu ya msikiti umri wake. Sakafu haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kigae kipya kabisa kilicholala chini yake. Huo ndio uliokuwa msingi wa kazi yake kutoka Gedi hadi Mombasa.

Lakini kigae hakisemi kitu kikikaa peke yake mkononi. Husema pale tu inapojulikana kilitoka shimo gani, tabaka gani, chini ya sakafu ipi. Hapa ndipo penseli ilipokuwa na kazi kubwa kuliko sururu. Sururu huharibu: tabaka likishachimbwa limekwisha, wala halirudi. Kinachobakia ni mchoro. Ndiyo maana vitabu vya Kirkman vimejaa ramani za majengo, mikato ya mashimo inayoonyesha tabaka moja juu ya jingine, na michoro ya midomo ya vyungu na nakshi zake. Msomaji wa fasihi anaweza kuvipitia kwa kuchoka, kwa kuwa havina kisa wala mhusika. Hata hivyo, kurasa hizo kavu ndizo zilizoishi muda mrefu kuliko kurasa alizoandika kwa ufasaha.

Ungwana ya Kipini

Mnamo 1953 Kirkman alielekea kaskazini. Kati ya magofu ya Malindi na yale ya visiwa vya Lamu palikuwa na pengo, nalo pengo hilo ni delta ya Tana. Kipini ilikuwa wakati huo bandari ndogo yenye kumbukumbu za ukubwa uliopita, kwani mwanzoni mwa utawala wa Kiingereza ilikuwa makao ya uongozi wa jimbo la Tana. Hata mto unaopita hapo una historia yake. Katika enzi za Ungwana maji yaliyoingia baharini Kipini yalikuwa ya Mto Ozi. Ni katika karne ya 19 ambapo mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuunganisha Tana na Ozi, mafuriko yakaupanua, na Tana nzima ikageuza njia kuja kutokea Kipini. Kwa hivyo mtu akiusoma mji huu kama mji wa Tana, akumbuke kwamba mto wenyewe ni mgeni hapo kuliko magofu.

Jina la Ungwana halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kiswahili. Wenyeji huuita kwa jina refu zaidi, Ungwana wa Mashaha, na ghuba pana inayoanzia hapo, ambayo Wareno waliipa jina la Formosa, leo inaitwa Ghuba ya Ungwana. Mji ambao jina lake lenyewe linabeba dhana ya ustaarabu, heshima na uhuru wa mtu asiye mtumwa hauwezi kuwa ulijengwa na watu wasiojijua.

Kirkman alichimba hapo katika misimu ya 1953 na 1954. Alikuta mji uliozungushiwa ukuta, wenye msikiti wa Ijumaa uliojengwa na kuongezwa kwa nyakati mbalimbali, misikiti mingine midogo, na makaburi yaliyojengwa kwa ustadi mkubwa. Alipima kila mhimili na kila mihrabu. Alivifuata vigae chini ya sakafu, tabaka baada ya tabaka, mpaka kwenye mchanga usio na dalili ya mtu. Matokeo yake aliyatoa katika kitabu kuhusu Ungwana kilichochapishwa mwaka 1966, miaka 12 baada ya uchimbaji wenyewe. Humo aliuona mji ukianza yapata karne ya 12 au ya 13 na kuachwa katika karne ya 17, wakati miji mingi ya bara pwani ilipohamwa kwa sababu ya vita na kusonga kwa Waoromo.

Aidha, Kirkman aliuhusisha mji huu na Hoja, mji unaotajwa katika habari za Wareno. Katika msafara wa 1506–1507, Tristão da Cunha aliondoka Malindi na kuishambulia Hoja, iliyokuwa na uadui na Malindi, kisha akaiteketeza kwa moto. Ikiwa uhusiano huo ni sahihi, basi Ungwana ni miongoni mwa miji ya kwanza ya pwani kuonja baruti ya Wareno, pamoja na Kilwa, Mombasa na Barawa. Na kwa kuwa mji uliendelea kukaliwa zaidi ya miaka 100 baadaye, magofu yanatufundisha jambo ambalo maandishi ya washindi hayakulisema: walioteketezewa mji walirudi wakajenga.

Hatuwezi kuupita wakati wa uchimbaji huo bila kutaja yaliyokuwa yakitukia nchini. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952. Miaka Kirkman alipokuwa akipima mihrabu za Ungwana ndiyo miaka maelfu ya Wakenya walipokuwa wakitiwa kambini. Kando ya Tana hiyohiyo, juu kidogo, ilikuja kujengwa kambi ya Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo. Hatusemi kwamba mchimbaji wa Ungwana alihusika na hayo. Tunasema tu kwamba swali la nani mwenye nchi na nani mwenye historia halikuwa swali la vitabuni. Lilikuwa hai, na kila aliyeshika kalamu katika miaka hiyo alilijibu, kwa kujua au kwa kutojua.

Kutoka kisiwa hadi ngome

Gedi na Ungwana ni vituo viwili tu katika safari ndefu. Kirkman alichimba Kilepwa, kisiwa kidogo katika Mkono wa Mida. Mwaka 1951 alichimba Takwa katika kisiwa cha Manda, ambako msikiti una nguzo ndefu juu ya ukuta wa kibla. Alichimba Mnarani, juu ya mkono wa bahari wa Kilifi, na akavuka hadi Pemba kuchimba Ras Mkumbuu. Ukitazama kwenye ramani, utaona kwamba katika muda wa miaka 10 hivi aliizunguka pwani yote kutoka visiwa vya Lamu hadi Pemba, wakati barabara zilikuwa za udongo na mvua moja iliweza kumfungia msafiri upande mmoja wa mto kwa siku kadhaa.

Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyokuwa gereza tangu 1895. Kirkman akaingia na wachimbaji. Ngome hiyo, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ilikuwa imepita mikononi mwa Wareno, Yusuf bin Hasan, Waomani, Wamazrui na Waingereza. Kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, Kirkman aliondoa majengo ya gereza, akafukua misingi ya zamani na kuanzisha jumba la makumbusho, ambalo yeye mwenyewe alilisimamia tangu 1960 hadi miaka ya mwanzo ya 1970. Kitabu chake kikubwa kuhusu ngome hiyo kilitoka mwaka 1974. Hata baada ya kustaafu hakuiacha Mombasa moja kwa moja. Alishiriki katika uchunguzi wa merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, uchunguzi ulioanza mwaka 1977.

Miongoni mwa vitu vinavyohifadhiwa katika ngome hiyo kuna kimoja kinachogusa moja kwa moja mada yetu. Ni lipu ya ukuta iliyochorwa na askari wa Kireno waliokuwa zamu katika karne ya 17. Kwa mkaa mweusi na udongo mwekundu walichora merikebu, makanisa, samaki na watu. Hawakuwa wasanii wa kutajika. Walikuwa watu waliochoka, waliokumbuka kwao. Huko Gedi na Kilwa pia, kwenye lipu za nyumba na misikiti, mikono ya wenyeji ilikwaruza picha za vyombo vya bahari vyenye tanga. Mchoro wa namna hiyo haudanganyi kwa urahisi. Huonyesha kile ambacho jicho limekiona, hata pale mchoraji asipokuwa na nia ya kutuachia historia.

Hukumu

Sasa tufike kwenye jambo zito. Mwaka 1954 Kirkman alitoa kitabu chake kuhusu Msikiti Mkuu wa Gedi, na katika jina la kitabu hicho aliuita mji huo mji wa Kiarabu. Mwaka 1964, Kenya ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, alitoa kitabu cha wasomaji wa kawaida kuhusu watu na majengo ya kale ya pwani. Humo alitamka wazi kwamba majengo hayo si mali ya Waafrika, bali ni ya Waarabu na Waajemi waliochanganya damu na Waafrika, lakini ambao kwa utamaduni walijitenga kabisa na Waafrika waliowazunguka.

Tuzipime sababu zake kwa haki. Aliona misikiti, akaona mihrabu, akaona maandishi ya Kiarabu kwenye makaburi, akaona vyombo vya Uajemi na Uchina. Wasomi karibu wote wa Kizungu wa kizazi chake waliyatafsiri hayo vivyo hivyo. Lakini mbinu yake pia ilikuwa na mtego ndani yake. Kirkman alichimba pale mawe yaliposimama, na akahesabu miaka kwa vyombo vilivyotoka nje. Wakazi wengi wa miji hii waliishi katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, ambazo huacha alama za mashimo ya nguzo na rangi tofauti ya mchanga, basi. Anayetafuta mawe ataona mawe. Anayehesabu kwa kaure ya Uchina ataukuta mji ukianza pale kaure inapoanza kuwa nyingi. Na anayeutazama mji kupitia vitu vilivyoletwa na merikebu, si ajabu akadhani kwamba mji wenyewe nao uliletwa na merikebu.

Kulikuwa na shahidi mwingine ambaye Kirkman hakumpa nafasi ya kutosha, naye ni lugha. Watu wa Ungwana, kama watu wa Lamu na Pate, hawakutuachia mashairi ya Kiarabu yaliyoazima maneno machache ya Kibantu. Jadi inayofungamana na nchi ya Ozi, jadi ya Liyongo, ni ya Kiswahili, kwa sarufi ya Kibantu, ikipamba kwa maneno ya Kiarabu. Lugha hailetwi na jahazi kama bakuli. Hulelewa na mama kwa miaka mingi katika nyumba zilezile za udongo ambazo sururu ya Kirkman ilizipita.

Waliorudi magofuni

Hukumu hiyo haikudumu, na walioitengua wengi walianza palepale alipoishia yeye. Neville Chittick alipochimba Manda katika miaka ya 1960 alipata tabaka za karne ya 9, mapema kuliko chochote Kirkman alichokuwa amekipata Kenya. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, ikirudi nyuma hadi karne ya 8. Mji ulianza kwa udongo kabla ya kuvaa mawe.

Kwa upande wa lugha, Derek Nurse na Thomas Spear walionyesha mwaka 1985 jinsi Kiswahili kilivyokua pwani pamoja na jirani zake, na baadaye Nurse na Thomas Hinnebusch, mwaka 1993, wakalichambua kundi zima la Sabaki: Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda, Kiilwana na lugha za Komoro. Mpokomo anayelima mpunga wake karibu na Kipini na Mswahili aliyejenga msikiti wa Ungwana wanatoka katika nyumba moja ya lugha. Wanaakiolojia nao waliupa ufinyanzi wa kale wenye nakshi za pembetatu, unaopatikana kutoka pwani ya Kenya hadi Komoro na kusini zaidi, jina la mapokeo ya Tana. Hivyo mito miwili ya pwani ya Kenya ikawa na majina mawili ya kitaalamu, mmoja kwa lugha, mwingine kwa chungu, na vyote viwili vikielekeza upande mmoja.

Ungwana yenyewe ilipata mchimbaji mpya. George Abungu, Mkenya, aliirudia katika miaka ya 1980 kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamivu iliyokamilika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1989, mwaka uleule aliofariki Kirkman. Abungu alionyesha kwamba makazi ya Ungwana yalianza mapema zaidi, katika karne ya 10, na badala ya kuutazama mji kutoka baharini aliutazama kutoka mtoni, akiwafuata watu waliobadilishana bidhaa kati ya delta na nchi ya ndani. Baadaye, kati ya 1999 na 2002, alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Tusidhani kwamba mjadala umefungwa kwa kuugeuza tu. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji kadhaa ya kale ya Waswahili, ikiwemo Mtwapa, Manda na Kilwa. Ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na pia asili ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Kirkman hakukosea aliposema wageni walikuja wakachanganya damu. Alikosea alipodhani kwamba wageni hao walikaa mbali na wenyeji kiutamaduni. Walioa hapa, na watoto wao wakalelewa kwa lugha ya mama zao.

Hitimisho

Leo Ngome ya Yesu imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, na Gedi imeingia katika orodha hiyo mwaka 2024. Sehemu zote mbili zilifunguliwa kwa kazi ya mtu ambaye maandishi yake hayawezi kutetewa katika darasa lolote la Kiswahili. Tufanyeje naye? Wapo wanaopenda kumtupa pamoja na vitabu vyake. Hao hawana budi kukumbuka kwamba tabaka alizozichimba Ungwana mwaka 1953 hazipo tena ardhini; zimebakia katika michoro yake tu. Anayeitupa michoro hiyo hamwadhibu Kirkman, anajinyima mwenyewe kurasa za mji wake. Wapo nao wanaomnukuu bila kumhoji, wakiuita mji wa Ungwana wa Kiarabu kwa sababu mpimaji wake alisema hivyo. Hao nao wanasahau kwamba kupima ni kazi moja na kuhukumu ni nyingine.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili funzo liko wazi. Tumezoea kumkosoa mgeni kwa kuyachambua maneno yake, na tuna haki. Lakini maneno hujibiwa kikamilifu na kazi. Abungu hakumjibu Kirkman kwa insha. Alimjibu kwa kwenda Kipini na kuchimba. Katika delta ya Tana zingalipo jadi za Liyongo, nyimbo za kazi za Wapokomo, majina ya visima na mashamba, na maneno ya ujenzi wa nyumba za miti na udongo, ambayo hakuna aliyeyaandika kwa uangalifu ule ambao Kirkman aliuandika mdomo wa chungu. Mafundi na wazee wanaoyajua hawatangoja kama mawe yalivyongoja. Daftari na kalamu ndivyo vyote vinavyohitajika kuanza, pamoja na subira ya kukaa mahali pamoja hadi mtu aandike alichokisikia, na si kile alichotarajia kukisikia.